Namna ya Kupima Tangazo la Kazi



Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo linaloingia katika nyumba nyingi za Wakristo hapa Bumbuli na katika milima yote ya Usambara, nalo ni maneno yanayowaita vijana wetu kwenda kazini. Maneno hayo huja kwa njia nyingi. Mengine hubandikwa kwa karatasi penye nguzo ya sokoni au ukutani pa duka. Mengine huja katika simu ya mkononi, yakipita kutoka mtu hata mtu, wala hapana ajuaye ni nani aliyeyaandika kwanza. Tena mengine huja kwa kinywa cha jamaa au jirani aliyetoka mjini, amevaa nguo nzuri, akisema, "Iko kazi, nipeni mtoto." Ndipo baba na mama hukaa usiku wakiulizana, Tumwache aende, au tumzuie? Na mara nyingi humjia mwalimu au mwinjilisti kuomba shauri, na kuomba barua ya kumtambulisha mtoto wao huko aendako.

Twajua ya kuwa mashamba ya mlimani ni madogo na watoto ni wengi, wala chai na kahawa na mboga hazitoshi kulisha kila nyumba na kulipa kila ada. Kwa hiyo hatuwaambii vijana, Msitoke. Kazi ni heshima, na mtu aliyeokoka hana ruhusa ya kukaa bure akila jasho la ndugu zake. Neno letu ni hili tu: kabla ya kuipima kazi, lipimeni tangazo lake. Kazi yenyewe iko mbali, hamwezi kuiona. Lakini tangazo liko mikononi mwenu, na mtu ajuaye kulisoma aweza kuona mengi ndani yake. Mwenye kazi njema hana sababu ya kuificha. Mwenye kazi mbaya hana budi kuificha au kuipamba. Wazee wamesema, Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Labani na Yakobo

Jambo hili si geni. Katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa 29, twasoma habari za Yakobo alivyopatana na mjomba wake Labani kufanya kazi miaka 7 ili apewe Raheli. Ukiyatazama mapatano yale, yaonekana ni wazi. Kazi inajulikana, muda unajulikana, na ijara inajulikana. Walakini Labani alinyamaza neno moja, yaani desturi ya nchi ile ya kwamba mdogo haozwi kabla ya mkubwa. Neno hilo alilijua tangu siku ya kwanza, naye akalisema asubuhi ya baada ya arusi, miaka 7 ilipokwisha kupita. Yakobo akatumika miaka 7 mingine. Na katika mlango wa 31 twamsikia akilalamika ya kuwa ijara yake imegeuzwa mara 10.

Angalieni mambo mawili. La kwanza, Labani hakuhitaji uongo mkubwa, kunyamaza kulimtosha. Mara nyingi udanganyifu wa kazi ni wa namna hiyo: yote yaliyosemwa yaweza kuwa kweli, na lile lisilosemwa ndilo linalomfunga mtu. La pili, Yakobo alikuwa mkimbizi katika nchi ya kigeni, hana baba wala ndugu karibu naye wa kumwuliza desturi za mahali pale. Mtu wa mahali pale angaliuliza mapema.

Habari za manamba

Katika nchi yetu wenyewe tunao ushuhuda mkubwa wa jambo hili. Mwaka 1893 Mdachi mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida katika Marekani, na iliyofika mizima ilikuwa 62 tu. Kutoka miche hiyo michache mashamba yakaenea Pangani, Tanga, Muheza, na Korogwe, hata chini ya milima yetu. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Mashamba yakataka watu wengi, na watu hawakutosha.

Kwa watu wa karibu serikali ya Wadachi ilitumia nguvu. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto, wanaume walipewa kadi. Kila mtu alipaswa kufanya kazi siku 30 kwa Mzungu katika kila miezi 4, kwa mshahara uliowekwa, na asiyefanya hivyo aliweza kuchukuliwa kwa kazi za serikali. Hilo lilikuwa amri, halikuwa tangazo. Lakini kwa watu wa mbali walitumia pia maneno. Waandikishaji walikwenda Unyamwezi, Uha, Ungoni, Ubena, hata Ruanda na Urundi na Msumbiji. Watu waliokubali waliandikwa kwa namba, na kwa hiyo wakaitwa manamba. Katika mwaka 1944, wakati wa Waingereza, wenye mashamba ya mkonge waliunda chama chao cha kuandikisha watu, kikaitwa Silabu, ambacho kiliwasafirisha watu kutoka mbali hata Tanga na Morogoro na penginepo.

Sasa mtu aweza kuuliza, Kwa nini waende mbali hivyo, na huku Washambaa wako hapa juu mlimani, mwendo wa siku moja tu? Jibu lake ni somo zima la makala haya. Mshambaa aliweza kuiona kazi ya mkonge. Aliweza kushuka, akatazama miba, na joto, na mizigo ya majani, na jumba la mashine, akarudi na kuwaambia ndugu zake. Kwa hiyo wengi walishuka kwa muda mfupi walipotaka fedha ya kodi, wakarudi mashambani mwao. Mkataba mrefu hawakuupenda. Mtu wa Kigoma au wa Songea hakuwa na njia ya kuona. Alikuwa na maneno ya mwandikishaji tu. Basi pale ambapo macho hayafiki, ndipo maneno hupata nguvu.

Tena maneno yenyewe yalikuwa na mtego. Mtu aliambiwa mshahara, akidhani ni wa mwezi. Huko shambani alipewa kipande, ndiyo karatasi ya siku 30 za kazi. Kila siku alipomaliza kazi aliyopimiwa, siku moja ilitiwa alama katika kipande. Akiugua, siku haikuhesabiwa. Asipomaliza kazi yake, siku yaweza kupotea ingawa jasho limemtoka. Hivyo siku 30 za kipande zaweza kuwa zaidi ya mwezi wa kalenda, na mshahara haukutolewa mpaka kipande kimejaa. Aliyesema, "Fedha kadha wa kadha kwa siku 30," hakusema uongo. Lakini aliyesikia hakusikia kile kilichokuwamo ndani ya neno.

Na akiisha kugundua, hakuwa na njia nyepesi ya kuondoka. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1923 ilimfanya mtumishi avunjaye mkataba kuwa mkosaji wa kuadhibiwa, kana kwamba ameiba. Ndiyo sababu twasema ya kuwa ukweli wa kabla ya mapatano una thamani kubwa kuliko malalamiko ya baada yake.

Wakubwa wenyewe walikuja kuliona jambo hili. Mwaka 1936 Shirika la Kazi la Dunia, huko Geneva, lilifanya mapatano ya mataifa juu ya kuandikisha watu wa kazi katika makoloni. Katika mapatano hayo iliandikwa kwamba watu walioandikwa waletwe mbele ya afisa wa serikali, naye ahakikishe ya kuwa hawakutiwa nguvuni isivyo halali, wala hawakuandikwa kwa kudanganywa au kwa kutoelewa. Mapatano hayo yalifutwa mwaka 2018, kwa kuwa zama zake zimepita na mengine mapya yamewekwa. Lakini hebu fikirini maana yake: hata katika siku zile za ukoloni ilikubaliwa ya kuwa mtu aliyedanganywa hakukubali kwa kweli. Kidole gumba chake katika karatasi hakitoshi.

Ya siku hizi

Leo hapana kipande, wala gari moshi la manamba. Walakini njia ya maneno ni ile ile, ila umbali umezidi. Zamani mtu alitoka Kigoma akafika Korogwe. Siku hizi binti aweza kutoka kijijini akafika Maskati au Dubai kwa siku mbili. Mwezi wa Novemba mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Tanzania waliokwenda kufanya kazi za nyumbani Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Waliulizwa wanawake 50. Wengi walisema waliahidiwa mshahara mmoja, wakapewa mwingine ulio mdogo. Walinyang'anywa hati zao za kusafiria. Na wengine walifanyishwa kazi hata saa 21 kwa siku. Hatusemi kila aendaye huko hupatwa na hayo, maana wako waliorudi salama na kujenga nyumba. Twasema ya kuwa wale waliopatwa na mabaya hawakuambiwa kabla ya kuondoka.

Mwaka 2012 Shirika la Kazi la Dunia liliandika dalili 11 za kazi ya kulazimishwa. Miongoni mwake zimo kudanganywa, kuzuiwa kutoka, kutengwa na watu, kuzuiliwa hati, kuzuiliwa mshahara, na kufungwa kwa deni. Karibu zote huonekana mtu akiisha kufika. Kudanganywa ndiko kunakoweza kuonekana angali yuko nyumbani kwa mama yake. Kwa hiyo hapo ndipo mahali pa kusimama na kutazama.

Matangazo mawili

Tuweke hapa mifano miwili, tuliyoitunga sisi wenyewe kwa ajili ya kufundisha. Mwalimu aweza kuisoma kwa sauti mbele ya vijana, awaulize wanaona nini.

La kwanza lasema hivi: "Nafasi za kazi! Kampuni kubwa inahitaji vijana 200, elimu yoyote. Mshahara mnono, hadi shilingi 900,000 kwa mwezi. Chakula na malazi bure. Nafasi ni chache, wahi leo. Tuma shilingi 20,000 za fomu kwa namba hii."

La pili lasema hivi: "Watakiwa watu 6 wa kuchuma chai na kupalilia katika shamba letu," na jina la kijiji na la mwenye shamba limeandikwa. "Kazi huanza saa 1 asubuhi hata saa 9 alasiri, na saa moja ya kupumzika, siku 6 za juma. Malipo ni kwa kilo," na kiasi kimeandikwa. "Kiangazi majani huwa machache na malipo hupungua. Mvua haisimamishi kazi. Nyumba ya kulala hatuna. Anayetaka aje Jumatatu alitazame shamba, na aulize wachumaji waliopo."

Kijana asiyefikiri atapenda la kwanza, maana lina fedha nyingi na halina neno gumu. Sasa tulipime neno kwa neno.

Kwanza, kazi haikutajwa. Imetajwa kampuni, umetajwa mshahara, zimetajwa nafasi. Lakini mtu atashika nini mikononi mwake saa 2 asubuhi, hatujui. Jina la kazi ndilo jambo jepesi kuliko yote kuliandika. Asiyeliandika ana sababu.

Pili, neno "hadi." Hadi shilingi 900,000 ni sawa na kusema yaweza kuwa shilingi 50,000. Mshahara mnono si hesabu. Kila mtu ana unono wake. Takeni kujua kiasi cha chini, siku ya kulipwa, na yale yatakayokatwa. Chakula kisemwacho ni bure, mara nyingine hukatwa katika mshahara mwisho wa mwezi.

Tatu, mwenye kazi hana jina wala mahali. Ni namba ya simu tu. Siku ya kutafutana, namba ya simu hutupwa kama ganda la ndizi, lakini shamba au kiwanda hakihami usiku.

Nne, wanaotakiwa ni 200, na hapo hapo nafasi ni chache. Haraka hiyo ni ya kumzuia mtu asiulize. Tena mahali panapotafuta watu wengi wa elimu yoyote kila mwezi, ulizeni wale wa mwezi uliopita wamekwenda wapi.

Tano, fedha yatangulia kazi. Mapatano ya Shirika la Kazi la Dunia ya mwaka 1997 juu ya mawakala wa ajira yasema ya kuwa wakala hapaswi kumtoza mfanya kazi ada yo yote, kwa njia ya wazi wala ya kificho. Mwenye haja ya mfanya kazi ndiye alipaye. Ukiona mtafuta kazi ndiye anayelipa, ujue ya kuwa fomu ile ndiyo biashara yenyewe, na kazi haipo.

Sita, hamna neno gumu hata moja. Hapana kazi duniani isiyo na ugumu wake. Ualimu unao, uinjilisti unao, uuguzi wa hospitali unao. Tangazo lisilotaja ugumu wowote limeandikwa na mtu asiyeijua kazi, au na mtu anayeijua mno.

La pili lina maneno magumu matatu: kiangazi, mvua, na kukosa nyumba. Mtu aweza kulisoma akasema, Kazi hii hainifai, mimi ni mgonjwa wa kifua, mvua itaniua. Basi tangazo limemfaa, maana limemwokoa bila kumgharimu nauli wala machozi. Na atakayekubali, atakwenda amebeba nguo ya mvua.

Hapa tuwe waangalifu tusihukumu kwa haraka. Wako watu wema wasiojua kuandika tangazo. Fundi seremala aandikaye kwa chaki mlangoni, "Natafuta kijana," hakuficha kitu, hakufikiri tu. Kumtofautisha na mdanganyifu ni rahisi: mwulize. Mwenye kazi ya kweli akiulizwa saa na mshahara hujibu, hata akikuonyesha na meza yake. Mdanganyifu akiulizwa hukasirika, au hubadili maneno, au husema, "Ukifika utajua."

Je, ukweli hufukuza watu?

Wako wenye kazi wasemao, Tukisema magumu yote, nani atakuja? Jambo hili lilijaribiwa. Mwaka 1973 mtaalamu wa Marekani, John Wanous, aliandika habari za wanawake walioomba kazi katika kampuni ya simu. Baadhi yao walionyeshwa filamu ya mazuri ya kazi tu. Wengine walionyeshwa filamu iliyosema pia ya kuwa kazi ni ya kurudia jambo lile lile, na msimamizi yu karibu sana, na kosa hulaumiwa ilhali jema halisifiwi. Ikaonekana ya kuwa walioambiwa kweli hawakuikataa kazi kwa wingi kuliko wenzao. Walitazamia machache zaidi, na walipokuwa kazini walifikiri kuacha kazi mara chache kuliko wale wengine.

Wala sisi Wakristo tusingehitaji kungojea filamu za Marekani. Bwana wetu mwenyewe alipowaita watu, hakuwaficha. Katika Mathayo mlango wa 8, alikuja mwandishi mmoja akasema atamfuata po pote. Yesu akamjibu kwa kumweleza ya kuwa Mwana wa Adamu hana mahali pa kulaza kichwa. Na katika Luka mlango wa 14 anatufundisha kwa mfano wa mtu ajengaye mnara, akae kwanza ahesabu gharama. Yule mwenye shamba la mizabibu katika Mathayo mlango wa 20 alipatana na wakulima wa asubuhi dinari moja kwa siku, na jioni aliwalipa dinari hiyo hiyo. Waliponung'unika kwa sababu nyingine, aliweza kuwarudisha katika mapatano, maana mapatano yalikuwa wazi.

Nyumba zetu wenyewe

Sasa tunafika katika neno lililo karibu zaidi, nalo laweza kuuma. Tumesema juu ya makampuni na mawakala. Lakini mabinti wengi wa milima hii hawachukuliwi na makampuni. Huchukuliwa na watu wanaosali, wakapelekwa Tanga, Arusha, au Dar es Salaam kufanya kazi za nyumbani. Na tangazo la kazi hiyo ni sentensi moja isemwayo sebuleni kwa wazazi wake, baada ya sala na chai: "Atakuwa kama mtoto wetu, nasi tutamsomesha cherehani."

Ndugu, sentensi hiyo ni tangazo, tena yapaswa kupimwa kwa kipimo kile kile. Kama mtoto wetu: je, atalala wapi? Ataamka saa ngapi? Watoto wa nyumba wakienda shule, yeye atakwenda cherehani siku gani, na nani atalipa ada? Mshahara ni kiasi gani, nao atapewa mkononi mwake, au utawekwa? Atarudi kumwona mama yake lini? Mara nyingi neno "mtoto" hutumika ili kuliondoa neno "mshahara." Mtu hamlipi mtoto wake, na mtoto wa kweli haamki peke yake saa 10 usiku kuosha vyombo vya nyumba nzima. Ikiwa ni mtumishi, mwiteni mtumishi na mmpe haki ya mtumishi, nao upendo uongezeke juu ya haki.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Yaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa juma. Yamtaka mwajiri kumpa mfanya kazi maandishi yenye kutaja kazi, mahali, tarehe ya kuanza, muda, saa, na mshahara; na ikiwa mfanya kazi hayaelewi maandishi hayo, aelezwe kwa namna atakayoelewa. Mtumishi wa nyumbani naye ni mfanya kazi. Waraka wa Yakobo, mlango wa 5, waonya matajiri waliozuia ijara ya wavunaji. Mtu asidhani ya kuwa tajiri ni yule wa shamba la mkonge tu. Mbele ya binti wa miaka 16 aliyetoka kijijini na mkoba mmoja, mwalimu mwenye nyumba ya vyumba vitatu naye ni tajiri.

Shauri kwa wazazi na walimu

Mwalimu au mwinjilisti aombwapo barua ya utambulisho, asiandike kwanza. Amwambie mzazi alete habari za kazi katika karatasi. Barua yetu ina jina la kanisa juu yake, na wazazi huitegemea; tukiiandika bila kuuliza, tumekuwa waandikishaji wasiolipwa. Kwa kazi ya nje ya nchi, shauri liende kwa Afisa Kazi au kwa ofisi ya serikali ya huduma za ajira, ijulikane kama wakala yule ana leseni. Na kwa yule anayekusanya watoto kwa maneno ya uongo, iko Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa watu; jambo hilo si la kusamehewa sebuleni, lipelekwe polisi.

Nyumbani, kabla ya kijana kufunga mzigo, familia ikae pamoja na kujibu maswali haya kwa maandishi:

1. Kazi yenyewe ni nini, na siku moja ya kazi hiyo ikoje toka asubuhi hata jioni?
2. Mwenye kazi ni nani, na mahali pake ni wapi, ili sisi tuweze kufika?
3. Mshahara wa chini ni kiasi gani, hulipwa lini, na nini kitakatwa?
4. Ni nani anayelipa nauli ya kwenda, na ni nani anayelipa ya kurudi ikiwa kazi haikufaa?
5. Ugumu wa kazi hii ni upi? Mwenye kazi amesema nini alipoulizwa hilo?
6. Ni nani aliyewahi kuifanya, na tumezungumza naye yeye mwenyewe?
7. Vitambulisho na hati zake zitakaa mikononi mwa nani?

Swali la 6 ndilo kubwa kuliko yote. Mshambaa wa zamani aliponea kwa sababu mkonge ulikuwa karibu na macho yake. Kazi ya mbali nasi twaweza kuileta karibu kwa kumtafuta mtu mmoja aliyekuwako na kumsikiliza mpaka mwisho. Katika kila usharika wamo watu wa namna hiyo, wake kwa waume, waliorudi kutoka mijini na ng'ambo, na wengi wao hunyamaza kwa aibu. Tusiwacheke. Tuwaombe waseme, maana neno lao laweza kumwokoa mtoto wa mwingine.

Na yule atakayejibiwa maswali yote saba kwa haki, akaona ya kuwa kazi ni ngumu lakini ni ya kweli, na aende kwa amani, akiombewa na wazazi wake. Kila mmoja wetu aliye na kazi ya kumpa mwenzake, iwe ya jembe au ya jikoni, na aiseme kama ilivyo, ili siku atakapolipa ijara asiogope kumtazama mtu wake usoni.